Gauni la Rangi ya Papai, Sehemu ya Tisa: Mshono Hausahau

Tulimwacha Shangazi mlangoni, mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa mkononi, macho yamemtoka kama aliyeona nyoka kabatini.

Na tulimwacha Sindano juu ya kigoda, katikati ya chumba chake cha ushonaji, ndani ya gauni lake mwenyewe la harusi, rangi ya papai bivu, pini kumi na saba pindoni. Hakuwa na pa kukimbilia. Aliyevaa pini hakimbii.

Wako wasomaji walionisimamisha njiani wiki hii nzima. Wengine walisema gauni limekwisha. Wengine wakasema afadhali akatwe bibi harusi, gauni lisalimike. Tulieni basi, tuone.

Shangazi alipiga hatua moja. Akapiga ya pili. Akauinua ule mkasi hadi usawa wa kifua.

Akaufunga. Kacha.

"Mara ngapi nimesema," alianza, "mkasi usiachwe mezani mdomo wazi? Mkasi ulioachama huita ugomvi."

Akaulaza juu ya meza taratibu, kama anayelaza mtoto aliyesumbua usiku kucha. Akapangusa mikono. Akamtazama binti wa kaka yake kuanzia unyayo hadi utosi.

"Haya," akasema. "Sasa tugombane."

Kwa uliyeingia leo, ujue hivi. Sindano aliitwa hivyo kwa wembamba wake, na kwa kazi yake pia. Mtaa mzima ulimletea mabinti wake kuvalishwa. Alikuwa amewashonea wenzake magauni meupe mpaka akikiona kitambaa cheupe machoni anasikia usingizi. Jumamosi ilikuwa zamu yake, na leo ilikuwa Jumatano. Mama yake alifariki yeye ana miaka minne. Baba yake, dereva wa lori la masafa, nyumbani alikuja kama mgeni. Aliyemwogesha, aliyemsuka, aliyempeleka shule siku ya kwanza na kumrudisha analia, ni huyu Shangazi unayemwona hapa amejishika kiuno.

"Shuka."

"Siwezi, Shangazi. Kuna pini."

"Basi baki hukohuko juu usikie vizuri. Nyekundu ni ugomvi. Kijani ni wivu. Bluu ni machozi. Manjano..." Shangazi alishusha sauti. "Manjano hata siitaji kabla sijala."

"Hii si manjano. Ni papai."

"Papai ni mtoto wa nje wa manjano na nyekundu. Kachukua tabia za wazazi wote wawili."

Pembeni, karibu na pasi, alikaa Vifungo, mwanamke wa makamo aliyeshona vifungo na kulabu zote za duka lile. Mdomo wake ulijaa pini kutwa nzima, lakini maneno yalipata njia.

"Na nyeupe je, Shangazi?" aliuliza.

"Nyeupe ni amani."

"Hata sanda ni nyeupe," Vifungo aliiambia kulabu yake.

Shangazi akamkata jicho, kisha akarudi kwenye kesi yake. "Na nani kalishona hili?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe? Kwa mikono yako hii? Mwanangu, bibi harusi anayejishonea, kila tundu la sindano ni chozi lake moja."

"Shangazi, pindo peke yake lina tundu elfu mbili. Nitalia lini nimalize, na kazi za watu zinanisubiri?"

Vifungo alikohoa. Ukimjua, utajua kikohozi kile kilikuwa kicheko kilichokosa adabu.

Basi Shangazi alikuwa anafungua kinywa, mara mlangoni ikasikika sauti ya kiume, nzito na ya uchangamfu.

"Hodi mafundi. Mkate wa moto, mwenye njaa aseme."

Jamani. Alikuwa bwana harusi.

Kijana huyu mtaa ulimwita Mikate. Tanuri lake lilikuwa ng'ambo ya barabara, dirisha kwa dirisha na cherehani ya Sindano. Aliliwasha alfajiri na ikifika adhuhuri lilikuwa limelala, baridi kama jiwe la kisimani. Sindano hakuhitaji saa. Alitazama bomba la tanuri: ukiona moshi, bado asubuhi. Miaka miwili alitazama moshi, akajikuta anamtazama mwenye moshi.

Shangazi, pamoja na magoti yake mabovu, aliruka. Alinyakua jora zima la bitana akamtupia bibi harusi kichwani. Sindano akawa nguzo iliyovishwa shuka.

"Funika uso," Shangazi aliamuru mlangoni.

Mikate alikuwa mtoto wa watu. Hakuuliza kwa nini. Aliinua trei ya mikate akajifunika nayo.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Umeona nini?"

"Nimeona mikate."

"Hilo gauni lina rangi gani?"

"Gauni gani?" ilijibu trei.

Shangazi alimpima kwa muda. Jibu lilikuwa zuri mno kuwa la kweli. "Bwana harusi akiliona gauni kabla ya siku, ndoa huchacha," alimwambia. "Wewe unajua kitu kikichacha kinavyokuwa. Rudi kinyumenyume."

Akarudi kinyumenyume, trei usoni, akajikwaa kizingitini, mkate mmoja ukaanguka na kubingirika hadi miguuni kwa Vifungo. Vifungo akauokota. Riziki haina mlango.

Lakini Shangazi alipogeuka, hakuwa anagomba tena. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanyoosha mguu unaomuuma, akatazama sakafu.

"Nisikilize," alisema. "Ukivaa hilo Jumamosi, mimi siji."

Vifungo alisimamisha sindano hewani.

"Utakuwa wapi, Shangazi?" Sindano aliuliza toka ndani ya bitana.

"Nyumbani na Mama, bibi yako. Nitasikia nyimbo zenu kwa mbali."

"Na nani atanishika mkono?"

"Sijui. Mimi najua hivi: mama yako alivaa bluu. Miaka mitano tu. Siku tuliyorudi kumzika nilikuwa nakuogesha kwenye karai, unanirushia maji, unacheka, hujui kitu. Nikakata shauri. Nikasema, huyu atatoka nyumbani kwa rangi nyeupe, hata kama pamba nitaisokota mwenyewe."

Alisema bila kulia. Ndiyo maana ilikata zaidi.

Sindano akajitoa bitana kichwani. Aliiona mikono ya Shangazi imelala mapajani, ile mikono iliyoparara kwa sabuni. Alifikiri: vitambaa viko vingi dukani. Shangazi nitampata duka gani?

Miezi mitatu alikuwa amelishona gauni lile baada ya kazi za watu, mkono kwa mkono, ua kwa ua. Alilivua kwa dakika mbili.

"Nivae nini basi?" aliuliza.

Uso wa Shangazi ukafunguka kama dirisha la asubuhi. "La Mama. Lile la kwenye picha. Liko sandukuni, jeupe vilevile, halijaguswa."

"Sindano," Vifungo alisema, na safari hii alitoa pini zote mdomoni. "Fikiri kwanza, mdogo wangu."

"Nimeshafikiri."

"Na hili la papai?"

"Livishe sanamu la dirishani." Sindano hakulitazama. "Akitokea mtu analitaka, alichukue."

Msomaji, yaweke maneno hayo kichwani. Alichukue. Alisema mwenyewe, kwa kinywa chake.

*

Nyumbani kwao, juu ya kabati la vyombo, ilining'inia picha moja ya kale, nyeusi na nyeupe, ndani ya fremu iliyopasuka kona. Bibi yupo hapo, msichana wa miaka ishirini, kabana midomo ili asicheke. Pembeni yake yupo Babu, masikio kama mishikio ya sufuria. Na gauni la Bibi ni jeupe, linang'aa kuliko ukuta uliokuwa nyuma yao.

Kutokana na picha hiyo Shangazi alitunga sheria akiwa bado msichana: wanawake wa nyumba hii huolewa kwa nyeupe. Bibi aliolewa kwa nyeupe, akadumu na Babu miaka hamsini na miwili, hadi kifo kilipowatenganisha. Ushahidi gani mwingine unatakiwa?

Waliingia kwa kunyata. Bibi alikuwa chumba cha ndani, amejilaza. Masikio yake, kwa umri ule, yalisikia anachopenda tu.

Shangazi alitoa ufunguo kifuani. Sanduku la bati likalia kwa bawaba. Harufu ya dawa ya nondo ikawapiga, Sindano akapiga chafya mara tatu.

"Tatu ni heri," Shangazi alisema haraka.

Gauni lilitoka limekunjwa kwenye gazeti la miaka ile. Lilikuwa jeupe kweli, weupe wa maziwa yaliyolala. Mikono mirefu, vifungo vidogo vilivyovishwa kitambaa, kiuno kilichokatwa na fundi anayejua kazi. Sindano, pamoja na moyo wake mzito, alishika mshono wa bega akaukubali. Fundi humsalimia fundi hata kama mmoja hayupo duniani.

Alilivaa. Bibi alikuwa mwanamke aliyejaaliwa. Ndani mlibaki nafasi ya kupangisha.

"Unapunguza ubavuni," alisema Shangazi, anamimina chai, anaimba puani. Alikuwa na furaha kama mtoto aliyeahidiwa safari. "Wewe ni fundi. Jioni hii tu limekwisha."

Sindano akalivua, akaligeuza ndani nje, akakaa nalo karibu na dirisha. Akachukua wembe. Kwa ncha yake akaanza kufumua mshono wa ubavu, uzi mmoja, uzi mwingine. Nyuzi za zamani zilikatika kwa sauti ndogo, kama mtu anayekula karanga chumba cha pili.

Mshono ukafunguka kiasi cha kiganja. Mkono wake ukasimama.

Akafumua zaidi. Akasogeza kitambaa kwenye mwanga.

"Shangazi."

"Mm."

"Njoo na miwani."

"Kuna nini, nondo?"

"Njoo tu."

Mnajua, mafundi wana siri yao moja. Ukitaka ukweli wa nguo, usiitazame usoni. Uso wa nguo umepigwa na jua, umefuliwa, umepigwa pasi, umesema mengi ya kuwafurahisha watu. Igeuze. Fumua mshono. Pale ndani, upana wa kidole, nguo huwa bado haijasahau ilivyozaliwa.

Na pale ndani ya mshono wa gauni la Bibi, toka kwapani hadi pindoni, ulipita mstari wa manjano. Manjano iliyokolea, ya kiini cha yai.

Shangazi aliinama. Akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Kutu," alisema.

"Kutu haifuati mshono, Shangazi."

"Chai basi. Mtu kamwaga chai."

"Ndani ya mshono, na nje isidondoke hata tone? Huyo mmwagaji ni fundi kuliko mimi."

Sindano akafumua mkono wa gauni. Manjano. Akainua kifungo kimoja kilichoshonwa kwa kubana: chini yake kulikuwa na kiduara cha manjano, kama jicho linalowatazama.

Shangazi aliitazama picha ukutani. Akalitazama gauni. Akarudi kwenye picha. Chai yake ilikuwa inamwagika sahanini naye haoni.

"Nani huyo analifumua gauni langu?"

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, fimbo mkononi, kilemba upande. Ama kweli masikio yale yalisikia yanachopenda. Wembe katika uzi ameusikia kutoka chumba cha ndani.

"Shikamoo, Bibi," alisema Sindano, anaficha wembe kama mtoto.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeuliza."

"Mama," alisema Shangazi, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya Sindano. "Hili gauni, siku ya harusi yako, lilikuwa rangi gani?"

"Manjano," alijibu Bibi, kama aliyeulizwa leo siku gani. Akajikokota hadi kwenye kiti. "Manjano hasa. Baba yako alisema aliniona toka mwisho wa uwanja akadhani wamewasha taa mchana."

"Lakini picha..."

"Picha gani? Ile? Picha za siku zile zilikuwa hazijui rangi, mwanangu. Hata shati la baba yako lilikuwa kijani."

Kijani. Kijani ni wivu. Shangazi alikalia mkono wa kiti badala ya kiti chenyewe.

"Na huu weupe?"

"Jua. Nililivaa kila nilipotaka kufurahi. Siku ya soko, nalivaa. Baba yako akirudi safari, nalivaa. Nalifua, nalianika, nalivaa tena. Mpaka wewe unazaliwa jua lilikuwa limeshalilamba lote. Wewe umelikuta limestaafu."

"Mama, miaka yote hii. Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikuja na sheria yako imeshaiva. Nikasema, mtoto kaupenda weupe wake, nimnyang'anye ya nini? Ukavaa jeupe lako, ukapendeza mpaka watu wakanipa hongera mimi." Bibi akavuta pumzi. "Mwaka wa pili mumeo akaondoka na redio yetu. Redio sijaiona mpaka leo."

Sindano aliuma mdomo. Akatazama sakafu, akatazama dari, akatafuta pa kutazama asicheke. Bahati mbaya macho yake yakakutana na ya Bibi. Wakaangua kicheko wote wawili, Bibi anapiga fimbo sakafuni, Sindano kajiinamia juu ya gauni.

Shangazi hakucheka. Alikuwa ameushika ule mshono, anaupitisha vidoleni, mbele, nyuma.

"Kile kitambaa cha bluu," alisema. "Cha wifi yangu."

Kicheko kikakatika.

"Yeye alitaka cheupe. Tulikuwa dukani wawili, ameshakishika mkononi. Mimi ndiye niliyesema, wifi, weka hicho chini, bluu itakupendeza. Nilimchagulia mimi." Shangazi aliukunja mshono kidoleni. "Sijawahi kumwambia mtu."

Kumbe ndilo hilo. Msomaji, sisi tulimwona mkali. Tulisema ana mambo ya kizamani. Kumbe miaka ishirini na miwili mwanamke huyu amebeba jora la kitambaa mgongoni, na hakuna aliyemwambia atue.

Bibi alinyoosha mkono wake mkavu, akamshika binti yake kidole gumba, kama alivyomshika alipokuwa anajifunza kutembea.

"Ilimpendeza," alisema. "Mimi nilimwona. Ilimpendeza sana. Na iliyomchukua ni homa, mwanangu. Homa haijawahi kumuuliza mtu kavaa nini."

Sindano aliondoka dirishani, akakaa sakafuni, akaweka kichwa kwenye paja la Shangazi.

"Shangazi, mimi mama simkumbuki uso," alisema. "Nakumbuka kitu kimoja tu. Bluu. Nimelalia bluu, laini, shavu langu hili, na mtu anaimba. Nilidhani ni ndoto. Kumbe alikuwa analivaa gauni lake nyumbani, kama Bibi." Akamshika Shangazi mkono. "Hicho ndicho kitu pekee nilichonacho cha mama yangu. Na wewe ndiye uliyenichagulia."

Hapo Shangazi alilia. Alilia kwa raha zake, bila haraka, na kwa kuwa hakuwa na leso alinyakua kilichokuwa karibu.

"Usinifutie makamasi kwenye gauni langu," alisema Bibi.

Ndipo Shangazi akacheka. Alilia na kucheka kwa pamoja, mpaka miwani ikamponyoka. Akaiokota, akaivaa imepinda, akasimama wima kama magoti ni mapya.

"Lile papai," alisema. "Liko wapi?"

"Dukani. Kwenye sanamu."

"Kavae viatu. Nataka kuliona tena nikiwa na akili zangu."

"Na hili langu mlishone lilivyokuwa," Bibi aliwapigia kelele wameshafika mlangoni. "Jumamosi nalivaa mwenyewe. Nani kasema nimekufa?"

*

Shangazi hakuwa ametembea kasi ile tangu siku ya redio.

Alipita mbele ya duka la viatu bila kusalimia. Aliruka mfereji. Njiani aliuliza maswali bila kungoja majibu. Mabega yamekatwaje? Maua yale ya kiunoni ni ya mkono? Shela je, itakuwa nyeupe au nayo papai? "Maana mimi nitakushika mkono," alisema, "na mimi sitaki kuonekana kama nimemshika mtu nisiyemjua. Nitafutie kitambaa cha kuendana nawe. Kilemba tu. Usinichekeshe, ni kilemba tu."

Sindano aligundua anakimbia na anacheka, jua usoni, wembe wa kufumulia bado umo mfukoni.

Walisukuma mlango wa duka.

Sanamu lilisimama palepale karibu na dirisha. Uchi.

Vifungo alikuwa kwenye kiti chake, anakula kipande cha mwisho cha ule mkate wa asubuhi. Alipowaona, alikimeza bila kutafuna.

"Liko wapi?" aliuliza Sindano.

"Ulisema akitokea mtu analitaka, alichukue."

"Nani kalichukua?"

Vifungo alinyoosha kidole mlangoni. Kwenye kitasa, na kwenye fremu ya mlango, na kwenye bega la lile sanamu maskini, kulikuwa na alama za vidole. Vidole vikubwa, vyeupe.

Unga.

"Mikate?" Sindano aligusa alama moja ya unga. "Mwenyewe? Kaliona?"

"Kaliona, kalishika, kaligeuza. Aliniuliza kwa nini limevuliwa. Mimi mdomo wangu mnaujua, nikamwambia yote. Kwamba umeliacha, kwamba Shangazi kakataa, kwamba utavaa la sandukuni. Alilikunja ndani ya kitambaa chake cha kufunikia mikate, akavuka barabara."

"Lini?"

"Saa nzima sasa."

Wote wawili walimgeukia Shangazi. Bwana harusi ameliona gauni kabla ya siku. Ameligusa. Amelibeba. Na kana kwamba hayo hayatoshi, pale sakafuni, kati ya Shangazi na mlango, ulikuwa umeanguka ule mkasi mkubwa wa asubuhi. Mdomo wazi.

Shangazi aliutazama mkasi. Mkasi ukamtazama.

Akashika pindo la nguo yake, akauruka.

"Leo sina muda na wewe," aliuambia, akatoka kizingitini. Hapo akasimama ghafla, hata Sindano akamgonga mgongoni.

Ilikuwa saa kumi alasiri. Ng'ambo ya barabara, madirisha ya mwoka mikate yalikuwa yamefungwa, mlango umefungwa, pazia limeshushwa. Lakini juu ya paa, toka kwenye bomba la tanuri ambalo kwa miaka miwili Sindano hajaliona likiwaka baada ya adhuhuri, moshi ulikuwa unapanda. Mzito. Wenye rangi.

Upepo ukageuka, ukaja upande wao.

Vifungo akanusa. Shangazi akanusa, akamshika Sindano mkono kwa nguvu.

Harufu ile haikuwa ya mkate.